Mzee Meno Aiaga Maabara ya Tope

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu, Mzee Meno anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni. Aliajiriwa kuosha machujio ya tope, akapanda hadi kuwa fundi mkuu. Mikononi mwake yamepita mabomba yote ya tope tulilochota kwa kuyadidimiza chini ya ziwa, tabaka juu ya tabaka, la kale kabisa likiwa chini.

Kazi yenyewe ni kupima ukubwa wa chembe. Tope laini hutua penye maji mengi yaliyotulia. Mchanga mkubwa huonyesha kwamba ufuo ulikuwa karibu, au mafuriko yalipita. Ndivyo tunavyojua ziwa lilijaa lini na kukauka lini, kabla hajazaliwa mtu wa kusimulia.

Jina lilitokana na mazoea yake. Kabla mashine haijawashwa, huweka tope kidogo kati ya meno ya mbele: likikwaruza lina mchanga, likiteleza kama samli ni laini tupu. Vijana humtania kwamba ameshakula nusu ya ziwa, ndiyo maana linapungua. Zamani alicheka.

Miaka sita iliyopita alichora mshale wa kuonyesha upande wa juu kwenye bomba moja, akauchora kinyume. Bomba likasomwa kichwa chini, na ripoti ikatoka ikisema ziwa linajaa. Miezi minne baadaye, alipolipitia tena, akashtuka. Mafuriko yakitulia, chembe nzito hutangulia kuzama, nyepesi hufuata. Humo, kila tabaka la mafuriko lilikuwa na nyepesi chini na nzito juu. Hakuna mwingine aliyekuwa amegundua. Siku hiyohiyo aliingia kwa mkuu wa maabara, akasema kosa ni lake, ripoti ifutwe. Ukweli ulikuwa mchungu: mchanga ndio uliokuwa juu. Ziwa linaondoka.

Dada yake mkubwa anaishi kando ya maji hayo. Alitaka kuhama, akabaki kwa sababu mdogo wake alimpelekea habari za ripoti ya kwanza. Mzee Meno alipompigia simu ahame, alijibu kwamba jana kaa, leo hama, kwani yeye ni gunia? Akakata. Hawajazungumza tena. Majirani wameondoka. Mahali mashua yetu ilipotia nanga siku tulipochota bomba lile, sasa watu hupita kwa miguu, na kisima cha dada hutoa matope.

Mzee Meno ameomba hafla iwe fupi, kwani Jumamosi anasafiri kwenda huko na gari la mizigo alilokodi. Atakaa mlangoni mpaka afunguliwe. Dada akikataa kuhama, anasema, watabaki wote wawili.

Mzee wetu, asante kwa kazi, na kwa kusema kweli hata ilipokuumiza. Hatuthubutu kukutakia ziwa lirudi, tumepima, tunajua. Tunakutakia dada akufungulie mlango, muondoke pamoja, mkaishi vyema penye maji.