Foleni Moja ya Bi Raudha

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bi Raudha Kammoun anastaafu tarehe 30 Juni. Wageni wakimuulizia huambiwa wasikilize koridoni, kwa kuwa kukaa hajui. Akiwaza hutembea, na amewaza sana.

Alipojiunga nasi hapa Sfax, programu za vidhibiti vya mitambo ya kukamua zeituni ziliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na C haikupi kiolezo cha kuandika jambo mara moja likafaa aina zote. Kwa hiyo kila mtu alinakili foleni, yaani sehemu ya programu ambamo vipimo husubiri zamu: foleni ya uzito, foleni ya joto, foleni ya ving'ora. Kosa liliporekebishwa katika moja, lilibaki kwenye nyingine. Bi Raudha akaandika foleni moja tu. Unaiambia kitu chako kina ukubwa gani, unaipa kanuni ya kuamua kipi kitangulie, na mengine haiulizi. Ndiyo hiyo mpaka leo, katika kila mtambo tuliouza.

Lakini kutouliza nako kuna hasara zake. Msimu wa mavuno uliopita, mwenzetu Slim aliweka vipimo vya joto kwenye foleni, akavitoa kama uzito. Mtambo kule Mahres ukaamini umebebeshwa shehena nzima ya wilaya, ukagoma. Wakulima walisimama na makreti yao huku zeituni zikianza kuchacha.

"Slim mwanangu, foleni yangu haina macho," alimwambia. "Macho ni wewe!"

"Na macho yetu sisi ni wewe, Bi Raudha. Ukishaondoka tupapase?"

Alitoka, na viatu vyake tukavisikia koridoni mpaka jioni. Neno lile lilimuuma, na sisi lilituuma pia, maana Slim alisema tulichokiogopa sote.

Tangu hapo hakutulia. Kila foleni aliivisha ganda jembamba lenye jina la kinachobebwa, ganda linalozalishwa kwa mstari mmoja tu, huku ndani foleni ikiwa ile ile. Sasa kompaila, programu inayoyageuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, hulikataa kosa hapa hapa ofisini. Tulimtania kwamba uzeeni ameingia kazi ya ushonaji.

Juzi, kwa haraka zake, yeye mwenyewe aliweka uzito kwenye foleni ya joto. Kompaila ikamkatalia. Alikodolea kioo cha kompyuta macho, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Imenikatalia hata mimi! Basi, naweza kwenda."

Akavuta kiti, akaketi. Wengi wetu hatukuwahi kumwona ameketi.

Asante, Bi Raudha. Tunakuombea afya njema, chai ya lozi isiyopoa, na siku ndefu za kukaa utakavyo. Koridoni sasa tunatembea sisi.