Nguzo Iliyolala Kinyume na Upepo

Risala ya wakazi wa Kambi ya Murre Point, pwani ya Oregon, kwa Kamishna wa Kaunti, Mheshimiwa Thora Blomquist, siku ya kufungua mabafu mapya. Imesomwa na katibu, Wilda Kessinger.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kamishna; mwangalizi wa kambi yetu, Bwana Royce Dunlap; majirani, pamoja na mbwa wenu:

KARIBU KWETU

Umefika na mvua, nasi tunakupokea nayo hivyo hivyo, maana mwezi wa Machi hatuna kitu kingine cha kumtandikia mgeni. Kiti ulichokalia ndicho pekee ambacho chumvi haijakila miguu. Tafadhali usiegemee sana upande wa kushoto.

Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kidogo tumeshapona: tangu saa tatu asubuhi maji ya moto yanatoka bombani, na wenzetu watatu wameshaoga mara mbili. Tunaishukuru kaunti. Kwa miaka mingi tumeoga kwa sufuria na kikombe, tukiwa tumeinama, kwa sababu dari za nyumba zetu ni fupi.

Tunajua una safari ya kurudi na mlimani kuna ukungu. Kwa hiyo la moyoni tunalisema mapema, usije ukalitafuta ndani ya maneno mengi. Tunaomba umeme wa safu ya chini ya viwanja vya kambi hii usiondolewe. Baraza lenu litaliamua jambo hilo Jumanne. Katika safu hiyo, nambari 12, anaishi Bwana Harlan Tveit, mwenye miaka themanini na mmoja. Mapafu yake yanasaidiwa na mashine ya oksijeni, na mashine hiyo hula umeme kutwa kucha. Mengine yote tutakayosema yanaelekea hapo.

ASILI YETU

Kambi hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa likizo. Ndiyo maana ina mashimo mengi ya kuokea nyama na choo kimoja. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuja hapa kwa nia ya kukaa. Bwana Ambrose Pruitt wa nambari 4 alikuja kwa wiki mbili baada ya kumzika mkewe. Huu ni mwaka wake wa nane. Msomaji wa risala hii aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, akastaafu, mwenye nyumba akauza nyumba, basi. Bwana Harlan na mkewe, Bibi Junia, walikuja baada ya kiwanda cha mbao kufungwa na mji wao kubaki na posta na mbwa. Harlan alikuwa dereva wa malori ya magogo. Siku alipoiona trela yao kwa mara ya kwanza, futi ishirini na nne, alicheka. "Hii?" alisema. "Hii naivuta kwa meno."

Watu wa mjini hutuuliza tunaishije ndani ya nyumba zenye magurudumu. Tunaishi kama watu. Mtu anaweza kukoroga mchuzi bila kushuka kitandani. Ukungu huota chini ya godoro, tunaufuta kwa siki, unaota tena. Chumvi inakula bawaba za milango. Bahari inapiga kelele mchana na usiku, na wageni wa likizo hutuambia tumebahatika kuisikia. Ukipiga chafya, jirani wa pili anakuombea afya. Wengi wetu tumekuja kuipenda hali hii, na wengine tumeizoea, na baada ya miaka michache hatuwezi tena kusema nani ni yupi.

ZAMU YA SIKU KUMI NA NNE

Mheshimiwa, kanuni ya tatu inasema hakuna gari litakalokaa kambini zaidi ya siku kumi na nne mfululizo. Siku ya kumi na nne, kabla ya saa nne asubuhi, utoke, ulale nje, kesho yake adhuhuri unaruhusiwa kurudi, kama mgeni mpya. Basi sisi ni wageni wapya kila wiki mbili. Tunakwenda kwenye uwanja wa changarawe karibu na mizani ya zamani ya malori, maili tisa kutoka hapa, pasipo na maji wala umeme, tunalala, Harlan akipumua kwa mitungi ya akiba, tunarudi, tunajiandikisha upya. Bwana Dunlap hutuuliza, "Mmeshawahi kufika huku kwetu?" Tulicheka mwaka wa kwanza.

Kuhama si kuwasha gari tu. Unamwaga tangi la maji machafu, unakunja mpira wake, unashusha antena, unapandisha ngazi, unafunga makabati kwa kamba, unaondoa magogo kwenye matairi, unachomoa waya wa umeme. Ukisahau kimoja unakikumbuka barabarani, na watu wa nyuma yako wanakikumbuka zaidi.

Wasioweza kuhama wenyewe tunawahamisha. Kwa akina Tveit, Ambrose hushika antena na ngazi, Bibi Junia makabati, na msomaji huyu hushika usukani wa pikapu tangu daktari alipomkataza Harlan kuendesha. Kazi moja Harlan aliibakiza. Alikuwa anatoka na mtungi wake mdogo wa oksijeni begani, anatembea taratibu hadi kwenye kile kinguzo cha umeme kinachofika kiunoni, anachomoa waya wake mwenyewe, anauviringisha. Inamchukua dakika kumi. "Waya ni wangu," husema. "Mwingine asiuguse." Na sisi hatukuugusa, maana mtu aliyekuwa akivuta magogo ya tani thelathini, ukimnyang'anya na waya, umembakizia nini?

Tumechoka, Mheshimiwa. Hatusemi kwa kulalamika. Tunasema kama mtu anavyosema kwamba mvua inanyesha.

MAFANIKIO

Yapo. Njia ya kushukia ufukweni tumeitengeneza wenyewe mara mbili, na bahari ikaichukua mara mbili. Magari ya watalii yaliyonasa mchangani tumeyavuta mengi, na wenyewe wakatuuliza kama tunalipwa na kaunti. Hakuna aliyekula chakula cha Siku ya Shukrani peke yake. Na supu ya kome utakayokula baadaye ni ya Bibi Junia, ambaye anaipika kwenye jiko la moto mmoja.

CHANGAMOTO

Katika rasimu ya kwanza, hapa palikuwa na taa ya chooni, mapipa ya takataka na dubu. Tumeviondoa, maana viko vile vile vilivyokuwa mwaka jana na dubu hasomi risala.

Mwezi uliopita barua ya kaunti ilibandikwa ubaoni. Inasema kwamba kwa kuwa tarehe kumi na tisa Januari upepo mkali uling'oa nguzo ya umeme ya nambari 11, na kwa kuwa safu ya chini imeonekana kuwa ya hatari wakati wa dhoruba, inapendekezwa umeme wote wa safu hiyo uondolewe kabla ya majira ya kiangazi. Safu ya juu, kama unavyoiona, haikuwahi kuwa na umeme. Hospitali iko mwendo wa saa moja na nusu.

Tuliisoma barua ile tukiwa tumesimama mvuani, watu kumi na mmoja. Halafu Bibi Junia akasema, "Basi ndiyo hivyo. Tumejichimbia shimo wenyewe."

LILILOTOKEA TAREHE KUMI NA TISA

Mheshimiwa mgeni rasmi, ule haukuwa upepo.

Ilikuwa siku ya zamu ya akina Tveit. Dhoruba ilikuwepo kweli, mvua ya kupiga ubavuni, na saa nne ilikuwa imekaribia. Tuliona Harlan asisimame kwenye baridi ile, tukamweka ndani ya pikapu na blanketi. Ambrose akashusha antena, akapandisha ngazi. Bibi Junia akafunga makabati. Wawili wakakunja mpira. Waya haukuguswa na mtu, kwa sababu waya ni wa Harlan. Na Harlan, akiwa ndani ya blanketi, alidhani kwa kuwa tumemweka kando, basi na waya tumeuchukua. Hakutaka kuuliza, kwa sababu lilimuuma. Alitueleza baadaye.

Mikono iliyokuwa kwenye usukani ni hii inayoshika karatasi hii. Miaka thelathini na mmoja na watoto wa watu ndani ya basi, sikugusa hata ukingo wa barabara. Nilisikia trela inavuta kidogo nikadhani ni tope, nikaongeza mafuta. Kinguzo kiling'oka na mzizi wake wa saruji, tukakiburuta hadi kwenye njia.

Bwana Dunlap alikuja na koti lake la mvua. Akatazama nguzo, akatazama matairi, akatutazama sisi.

"Upepo?" akauliza.

"Upepo," tukasema.

"Unatoka wapi upepo wa leo?"

"Kusini."

Akatazama tena. Upepo wa kusini husukuma vitu kaskazini, na nguzo ilikuwa imelala kichwa kusini, kwenye njia ya kutokea. "Haya," akasema. Akaandika tulichomwambia. Tunaomba asilaumiwe, mtu akiambiwa na watu kumi na mmoja wenye mvi kitu kimoja, afanye nini?

Tulidanganya kwa sababu kanuni ya tisa inasema anayeharibu mali ya kambi na kuficha huondolewa, na harudi kwa mwaka mzima. Tulimwogopea Harlan. Njia ya mwongo ni fupi, nasi yetu ilifika miezi miwili tu: uongo tuliousema ili abaki na umeme ndio unaokuja kumkatia. Tangu siku ile akina Tveit wanakaa nambari 12, iliyokuwa yangu, na mimi niko 11 na taa ya betri. Sikutajii hili ili nionewe huruma. Giza lile ni langu.

Wiki iliyopita tulikutana nyumbani kwa Ambrose, watu wanane mahali pa wanne, kuamua kama tuseme au tunyamaze.

"Semeni ni mimi," Harlan alisema. "Nina miaka themanini na mmoja. Watanifanya nini?"

"Watakufukuza, mzee wangu, ndicho watakachofanya," Junia akamwambia. "Nyamaza, upumue."

"Ninapumua. Ninapumua na ninaongea, vyote viwili."

"Wewe Wilda," Ambrose akaniambia, "utasoma 'sisi'. Mwanzo hadi mwisho, 'sisi'. Usijitie ushujaa mbele ya kamishna."

Nilimwahidi. Naona ahadi imenishinda hapo juu, na sasa ninarudi kwenye sisi.

OMBI

Hatuombi kanuni ya siku kumi na nne ifutwe. Tumeizoea kama mtu anavyozoea goti bovu. Hatuombi taa ya chooni. Tunaomba mambo mawili madogo, na la pili ni la kwanza kwa sura nyingine.

Kwanza, Jumanne uwaambie wenzako kwamba nyaya za safu ya chini hazina hatia. Zimestahimili upepo wa miaka ishirini. Kilichoziweza ni pikapu yenye matairi mapya na watu walioheshimiana kupita kiasi.

Pili, kuhusu kanuni ya tisa. Tumeiharibu mali na tumeficha, na hatuombi tusamehewe. Mheshimiwa, ulipoingia getini ulimuuliza Bwana Dunlap kama leo ni siku ya watu kuondoka, naye akakujibu kwamba hajui. Hajui kweli, hatukumwambia. Ukigeuka sasa hivi utaona. Tangu alfajiri tumemwaga matangi, tumekunja mipira, tumepandisha ngazi, tumeshusha antena. Trela kumi na nne zimefungwa kwenye magari, na pua zote zinatazama barabarani. Ukisema tuondoke, tutaondoka kabla supu haijapoa, na kwa mwaka mzima hutatuona. Mabafu yako ya moto tutakuwa tumeyaoga siku moja, na tutashukuru kwa hiyo moja.

Trela moja hatukuifunga. Ni ya nambari 12. Asubuhi Harlan alichungulia dirishani akaniuliza, "Mbona wote mnafunga, sisi hatufungi?"

"Zamu yenu bado," nikamwambia.

Akatazama ile safu ya magari, kumi na nne, moja baada ya jingine. Amevuta magogo miaka arobaini. Anajua msafara unaotoka ukoje. Hakuniuliza tena. Akafunga koti hadi shingoni, akashuka kwa kushika kipini cha mlango, akatembea hadi kwenye kinguzo chake, mwendo wa dakika tano. Tulidhani anataka kuchomoa, atufuate. Bibi Junia alishaanza kumwita. Akainama, akaushika waya kwa mikono miwili, akausukuma ndani zaidi aone kama umekaa vizuri. Kisha akarudi kulala, amechoka.

Waya ule ni wake, Mheshimiwa, na sisi hatuugusi. Tunaiomba kaunti nayo isiuguse.

Mungu akuvushe salama kwenye ukungu wa mlimani. Utakapofika nyumbani ukabonyeza taa, na iwake.

Ni sisi, wageni wa siku kumi na nne wa Murre Point, baadhi yetu mwaka wa nane.