Shangazi Anastaafu, na Kisanduku Chekundu ni Chake

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne kazini, fundi mwandamizi wa karakana yetu ya kukodisha trela za safari, zile nyumba ndogo zinazovutwa na gari, anastaafu. Jina lake kamili lipo kwenye faili, lakini hapa yadini hakuna anayelitumia. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, wote tunamwita Shangazi, na mgeni akimuulizia kwa jina la kwenye faili huwa tunatazamana kwanza.

Alianza kama mfanyakazi wa usafi. Trela zikirudi safarini, yeye ndiye aliyeingia na ndoo kutoa mchanga kwenye mazulia na vijiko vilivyosahauliwa chini ya magodoro. Mafundi wa wakati ule walimzoea akiwa amesimama nyuma yao na fagio, akiuliza hiki kazi yake nini na kile kinafunguka upande gani. Mwaka wake wa nne, fundi wa breki aliugua ghafla huku wateja watatu wakisubiri trela zao getini. Shangazi aliegemeza fagio ukutani, akaingia chini ya trela ya kwanza, na alipotoka chini ya ile ya tatu hakuna aliyemkumbusha habari za fagio tena. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, alimshonea ovaroli mpya wiki hiyohiyo, kwa sababu zile za stoo zilimfanya aonekane kama hema lililoangushwa na upepo.

Lakini kilichomjengea jina si breki. Ni vile vitu ambavyo wateja wengi huvipita bila kuvitazama: jeki, spana ya magurudumu, kabari za kuzuia trela isiserereke, pembetatu za tahadhari, tochi, vizibao vya kung'aa na mtungi wa kuzimia moto. Shangazi alishikilia kwamba vyote vikae mahali ambapo mtu atavifikia akiwa amesimama nje ya trela, bila kupanda ngazi, bila kuinua godoro wala kusaka ufunguo. Wateja aliwaambia hivi: "Mkiharibikiwa barabarani hamtakuwa hawa mlivyo sasa. Mtakuwa mmechanganyikiwa. Mimi nampangia yule aliyechanganyikiwa."

Hakuna trela iliyotoka bila mteja kupewa mtihani wake. Unafungwa kitambaa machoni, unazungushwa mara mbili, halafu unatakiwa utoe pembetatu na jeki kabla Shangazi hajamaliza kuhesabu hadi arobaini. Maharusi fulani walifika moja kwa moja kutoka kwenye sherehe, wakadhani anatania. Bwana harusi alipapasa ubavu wa trela hadi hesabu ikaisha, suti yote vumbi. Bibi harusi alipandisha gauni magotini, akafungwa kitambaa, akamaliza kwenye ishirini na sita. Shangazi alimkabidhi yeye funguo za trela. Mimi mwenyewe, siku yangu ya kwanza kazini, niligonga goti kwenye chuma cha kuunganishia trela nikachechemea mpaka Ijumaa.

Mhariri wa jarida hili la kampuni aliniomba mimi, meneja wa ukodishaji, niandike wasifu huu kwa kuwa nimefanya kazi na Shangazi miaka kumi na minne. Rasimu ya kwanza niliimaliza ndani ya saa moja. Ilikuwa na sentensi isemayo: "Kwa kushirikiana na Meneja wa Ukodishaji, alibuni kisanduku chekundu." Nilipoirudia kuisoma, uso ulinichoma kana kwamba kuna mtu ananitazama, na ofisini nilikuwa peke yangu. Nikaifuta rasimu yote. Ninayoyaandika kuanzia hapa ndiyo yaliyotokea.

Miaka tisa iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikodi trela yetu kwa safari ya likizo, pamoja na mkewe, mama yake mzazi na watoto watatu. Asubuhi ile Shangazi alipanga vyombo vya dharura kwenye sanduku la mbele, linalofunguka kwa nje, akatia sahihi fomu ya ukaguzi, akaenda kunywa chai. Familia ilifika na viti vya kukunja sita, na ndani havikuenea vizuri. Mwalimu hakulalamika, hata neno. Ni mimi niliyetaka kuonekana meneja mwepesi wa kusaidia. Mwalimu akiwa ofisini analipa, nilifungua sanduku la mbele, nikatoa vyombo vyote, nikavisukuma chini ya kitanda cha nyuma, nikajaza viti mahali pake. Juu ya kitanda hicho familia ikapanga masanduku yao ya nguo. Mtihani wa kitambaa nikauruka, nikasema watachelewa bure.

Trela ikiwa inatoka getini Shangazi alirudi kutoka chai. Aliniuliza, "Vyombo vipo palepale?"

Nikamjibu, "Vipo."

Neno moja tu.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, kukiwa na manyunyu, tairi la nyuma la trela lilipasuka kwenye kona ya mteremko. Mwalimu alifanya kila alichopaswa kufanya. Aliwavusha mama yake, mkewe na watoto ng'ambo ya mtaro, akaenda kufungua sanduku la mbele, akakuta viti. Akazunguka trela nzima akitafuta. Mlango ulikuwa umekaza kwa sababu trela ililalia upande, akausukuma kwa bega, akaingia, akaanza kutoa masanduku ya nguo moja moja. Alipotoka na pembetatu mkononi, lori lilikuwa limeshaingia kwenye kona. Dereva wa lori hakuonyeshwa na kitu chochote kwamba mbele kuna trela imesimama. Alikanyaga breki, lori likateleza, likagonga pembe ya trela, na trela ikamgonga mwalimu. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Watoto wake waliona.

Baada ya siku tatu tuliitwa ofisini kwa mkurugenzi. Fomu ilikuwa mezani, na sahihi ya Shangazi juu yake. Mkurugenzi aliuliza nani aliyepanga vyombo.

"Ni mimi," Shangazi alisema. "Niliviweka sanduku la mbele. Nilipoviacha, vilikuwa pale."

Kisha akanigeukia. Aliniangalia, akinipa nafasi. Mimi nilikuwa naangalia kalamu yangu. Mkurugenzi akaniuliza, "Meneja, una la kuongeza?"

"Sina," nikasema.

Shangazi alipewa barua ya onyo. Mwezi uliofuata nafasi ya mkuu wa karakana ilikuwa wazi, na kila mtu alijua ni yake. Ikapewa fundi ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika spana. Alimpongeza, akamkabidhi funguo za stoo, akarudi kwenye benchi lake.

Yeye ndiye pia aliyekwenda hospitali kumwomba mwalimu radhi kwa niaba ya kampuni. Mimi nilituma kadi.

Miezi miwili baadaye alileta kwangu kisanduku cha bati alichokichomelea mwenyewe. Kilifungwa ubavuni mwa trela, upande usiopitwa na magari, usawa wa kiuno, na kifuniko chekundu kinachofunguka kwa komeo moja tu, hata ukiwa na glavu. Ndani kila chombo kilikuwa na kitanzi chake cha mpira, pembetatu zikiwa za kwanza mkononi, jeki chini kwa sababu ya uzito, na michoro kifunikoni kwa asiyejua kusoma. Mpira mweusi ulizunguka ukingo kuzuia maji. Kilikuwa chembamba. Nilimuuliza kwa nini hakukipanua kidogo kikafaa na mizigo mingine.

"Nilikipima," akasema. "Kiti cha kukunja hakiingii."

Alisema hivyo huku akifuta mikono kwa kitambaa, akaondoka. Mafundi waliokuwepo hawakuelewa chochote. Mimi nilielewa yote, na bado sikufungua mdomo.

Kuna baya zaidi. Nilipowasilisha kisanduku kile kwenye mkutano wa wakurugenzi, nilisema, "Idara yangu imebuni." Sikusema nani. Nikapigiwa makofi, nikapewa cheti chenye jina langu, nikakitundika ukutani nyuma ya kiti changu. Leo trela zetu zote arobaini na mbili zina kisanduku chekundu. Katika miaka minane ya vitabu vya matukio, wateja walioharibikiwa njiani wamekuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyeumia akitafuta jeki. Kazi hiyo yote ni ya Shangazi. Yangu ilikuwa makofi.

Wiki tatu zilizopita, baada ya kufuta ile rasimu, nilimfuata karakana wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa anapaka mafuta bawaba za mlango. Nilimwambia nataka kuandika ukweli, na kwamba kwanza nakuja kukiri kwake.

Aliendelea kupaka mafuta. Halafu akasema, "Nilijua siku ileile. Vyombo havina miguu."

"Kwa nini hukunitaja, Shangazi?"

"Sikukuona kwa macho. Ningesema nini? Nilikuwa nakusubiri wewe useme." Akafungua na kufunga ule mlango, akasikiliza kama bado unalia. "Andika. Ila usiandike kwamba Shangazi ana moyo mkubwa, hakukasirika. Nilikasirika. Miaka mitatu nilikuwa nikiona gari lako linaingia getini, chai inanitoka hamu. Liandike na hilo."

Nimeliandika.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa mkurugenzi. Barua ya onyo imefutwa kwenye faili, na mahali pake imewekwa barua ya kumwomba radhi, ambayo atasomewa mbele yetu sote. Cheti kimeandikwa upya kwa jina linalostahili. Mimi nimeachia cheo changu na kuanzia mwezi ujao nitakuwa kwenye dawati la mapokezi. Lakini miaka tisa ya kuwa mkuu wa karakana haiko kwenye droo yoyote ambayo mkurugenzi angeweza kuifungua akamrudishia. Hiyo niliichukua, na nimeitumia yote.

Alibaki mwalimu. Nilipomwambia Shangazi kwamba nitakwenda kwake Jumamosi, alisema, "Huendi peke yako. Utarembesha." Tukaenda wote.

Mwalimu anatembea kwa kuegemea upande mmoja. Alitukaribisha sebuleni, akamshika Shangazi mkono kwa mikono miwili, na mimi akanisalimia kwa adabu kama mtu asiyenikumbuka. Nilieleza kila kitu, toka viti sita hadi neno "vipo". Shangazi alinikatiza mara moja tu, niliposema kwamba siku ile tulikuwa na haraka. "Haraka ilikuwa yako," akasema, nami nikasahihisha.

Mwalimu alisema kwa sauti ya chini.

"Mimi nilijua kosa ni langu. Miaka yote hii. Nilijiambia, mwanamume gani anasafiri na familia bila kuuliza jeki iko wapi? Watoto waliniona nimechanganyikiwa, nazunguka trela kama kuku. Binti yangu mpaka leo, tukitaka kusafiri, ananiambia, 'Baba, kaa tu, mambo ya gari niachie mimi.' Ananihurumia."

Halafu akamwita huyo binti. Alitoka chumba cha ndani, msichana wa miaka kama ishirini, mikono ina unga. Siku ya ajali alikuwa na miaka kumi na moja, amesimama ng'ambo ya mtaro.

"Rudia," mwalimu akaniambia. "Yote. Mbele yake."

Nikarudia. Nimewahi kuzungumza mbele ya wakurugenzi na mamia ya wateja, lakini sijawahi kusema maneno mazito kama yale niliyomwambia yule binti: kwamba baba yake alitafuta pale vilipopaswa kuwa, na mtu aliyeviondoa ni mimi. Binti alikwenda akakaa kwenye mkono wa kiti cha baba yake, akamwekea mkono begani, unga na yote. Shangazi akanigusa kiwiko, tukatoka.

Sherehe ya kumuaga ni Ijumaa saa nane mchana, katika ukumbi wa chakula. Mwalimu na familia yake wamealikwa na Shangazi mwenyewe, na wamekubali kuja. Wasifu utasomwa na mhariri. Mimi nitakuwa napanga viti.

Shangazi, wenzako wanakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja, kwa kila familia iliyorudi nyumbani ikiwa kamili bila kujua ni nani aliyeifikiria kabla haijaondoka. Wanakutakia afya, usingizi wa asubuhi usio na king'ora cha saa, na muda mrefu na mzee wako na cherehani yake. Mimi nakutakia hayo yote pia. Msamaha sikuombi hapa, kwa sababu mbele za watu ni vigumu mtu kukataa, na wewe una haki ya kukataa.