Damaris Kadii Kombe, Aliyepokea Pole za Msiba Wake Mwenyewe

Damaris Kadii Kombe alizaliwa tarehe 3 Juni 1962 huko Marafa, mtoto wa tatu wa Mzee Kombe na mkewe Kahonzi. Ndugu zake wanamkumbuka kama msichana mwenye ulimi: ukimtania mara moja alikurudishia mara mbili, akacheka kabla yako.

Alisoma hukohuko Marafa hadi darasa la saba. Karo ya sekondari ilikwenda kwa kaka zake, na hakuwahi kulilalamikia jambo hilo mbele ya watu.

Mwaka 1981 alipata kazi jikoni katika hoteli moja ya Bofa. Alianza kwa kuosha masufuria, akaishia kuwa mpishi wa pilau, mpaka hoteli ilipofungwa mwaka 2016. Baada ya hapo alikaanga mahamri kando ya barabara ya Tezo, na waliowahi kuyala hawahitaji kuelezwa.

Tarehe 20 Aprili 1985 alifunga ndoa na Bwana Kiponda, mkulima wa Tezo. Walijaliwa mwana mmoja, Owen. Kiponda alipofariki mwaka 2009, mama na mwana walibaki wawili, chanda na pete.

Mwaka 2018 Owen alianzisha biashara ya pikipiki za kuwafikisha hospitali wagonjwa na akina mama wajawazito wa vijiji vya ndani. Pikipiki ya kwanza ilitoka kwenye mahamri ya mamake. Mwaka uliofuata alikwenda Nairobi kwenye mkutano wa kutafuta wawekezaji. Alijiandaa vizuri: barabara zipi hazipitiki masika, waendeshaji ni akina nani, simu zinatoka wapi. Lakini washauri wa pale walimwambia kwamba mwekezaji, kabla ya kuitazama biashara, humtazama mwenyewe, na hutaka kujua ni uchungu gani uliomsukuma. Waliomtangulia kusimama mbele ya wawekezaji kila mmoja alikuwa na uchungu wake. Owen alipoulizwa wake, hakuwa nao. Akasema, "Mama yangu alifia njiani tukingoja gari."

Saa hiyo mamake alikuwa Tezo, mzima wa afya, anakanda unga. Owen alijua amekosa hata kabla hajaketi. Lakini watu walikuwa wameshainamisha vichwa, naye hakupata ujasiri wa kuwainua.

Baada ya miezi miwili wawekezaji walikuja Tezo kuikagua biashara kwa macho yao, wakiongozwa na Bi Waruguru. Asubuhi hiyo ndipo Owen alipomweleza mamake aliyoyasema, macho chini, akamwomba awe mama mdogo wake kwa siku moja.  Damaris aliinjika sufuria akawapikia wageni pilau. Bi Waruguru aliingia jikoni kumwamkia, akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Tumesikia habari ya dada yako."

"Nishapoa, mwanangu," Damaris alisema. "Karibuni mle."

Walipoomba waonyeshwe kaburi, Owen alikwama. Damaris ndiye aliyewatangulia mpaka kwenye kaburi la mama mkwe wake, akasimama nao, leso mdomoni. Wageni walipokwisha kuondoka alimgeukia mwanawe. "Ungeniambia jana kwamba nimekufa, nisingepika pilau nyingi hivi." Owen alicheka kwa kuwa mamake alicheka. Aibu ilimshika baadaye, alipomwona anaosha sahani za wageni peke yake, na haijamtoka hadi leo.

Mtaji ulipatikana. Pikipiki ziliongezeka, na wako watoto wanaokimbia leo Tezo ambao mama zao walifikishwa hospitali salama. Jamaa hawalikani hilo. Ila ile siku moja aliyoombwa Damaris iligeuka miaka. Tarehe 11 Desemba 2021 Owen alimwoa Easter, na Bi Waruguru alikuwa miongoni mwa waalikwa. Kiti cha mama wa bwana harusi kiliwekwa maua. Mama wa bwana harusi aliketi benchi la tatu, akapiga vigelegele kama mama mdogo yeyote. Majirani walijua, jamaa walijua, na hakuna aliyefungua kinywa. Aibu hiyo si ya Owen peke yake.

Damaris aliugua shinikizo la damu kwa muda mrefu. Tarehe 9 Machi 2025 alipooza upande mmoja, akapelekwa hospitali kwa pikipiki ya mwanawe. Muuguzi aliuliza mgonjwa ni nani wake. Hapakuwa na mwekezaji pale, wala mgeni yeyote. Owen akajibu, "Mama mdogo." Ulimi ulikuwa umeshazoea. Damaris, ambaye hakuweza tena kusema, alimtazama, kisha akageuza uso ukutani. Owen alimfuata muuguzi akasahihisha, akarudi kitandani akaita, "Mama," akaita tena. Hakugeuka. Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Machi 2025.

Bi Waruguru amesafiri kuja kumzika mama mdogo wa Owen. Leo asubuhi Owen alimweleza ukweli wote. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Wenye misiba walikuwa wengi siku ile, Owen. Wewe tulikuchagua kwa sababu akina mama walikuwa wanapiga simu na pikipiki zinafika."  Bi Waruguru yuko hapa, ameketi pamoja nasi.

Marehemu ameacha mwanawe Owen, mkaza mwanawe Easter, mjukuu wake Kahonzi, na ndugu zake, akiwemo Sanga.

Wasifu huu ulipaswa kusomwa na mwana. Owen ameomba uandikwe wote bila kufichwa kitu, lakini amekataa kuusoma. Amesema kifo cha mamake alishakitangaza mara moja, na hana ruhusa ya kukitangaza tena. Ndiyo sababu anayesimama mbele yenu ni mjomba wake, Sanga.

Sasa Mama Owen apumzike kweli.