Udi wa Peugeot

Ndani ya tuktuk iliyotoka Marikiti, Mbodze alikumbatia kapu lake la nyanya, masikio yote kwa abiria wenzake wawili. Mzee Qaidjohar, muuza kanga, alikuwa amepakata pampu mpya ya petroli ya Peugeot yake kuukuu kama aliyepakata mjukuu.

"Pampu hizi za siku hizi zina nguvu, mzee wangu," alisema Ngowa, fundi wa magari aliyejuana na mzee humo humo safarini. "Mpira wa kupitishia petroli je, umebadilisha?"

"Wa nini? Ni ule ule uliokuja na gari. Mpira una adabu zake."

"Hauvuji?"

"Wanukia kidogo tu, mwanangu. Mke wangu Hajrabai kila Ijumaa hutia chetezo cha makaa garini akalifukiza udi. Harufu yote kwisha!"

Ngowa alikodoa macho. Mbodze hakujua pampu wala mpira, lakini makaa ya moto aliyajua.

"Babu," alisema polepole, "leo si Ijumaa?"

Tuktuk ilisimama Mji wa Kale. "Mpira sibadilishi!" alifoka mzee, huku akiruka chini na kutimua mbio.

Kando ya Peugeot, chetezo mkononi kikifuka, Hajrabai alimtazama akija, akatabasamu. "Subhanallah! Leo wanikimbilia kama siku za uchumba."