Mota Kubwa ya Wangila

Haya nilihadithiwa na mjukuu wangu Jentrix Jumapili iliyopita, tukichambua kunde. Ndani ya gari la kutoka Kitale kuja Bungoma, mbele yake waliketi mama mmoja muuza maziwa kutoka Kwanza, kule karibu na Kitale, na mwanamume asiyejuana naye.

Mama alikuwa anaenda kwa wakili kumshtaki jirani yake, Wangila wa posho mill, mashine ya kusaga unga. "Ananiibia stima! Akiwasha hiyo mashine, taa zangu zinafifia. Sasa friji imeungua, maziwa yote yameharibika."

"Si wizi, mama," mwanamume akasema. "Mota ikianza inavuta stima nyingi kwa ghafla. Kama mko kwa transfoma moja, kwako inashuka. Friji ikijaribu kuwaka na stima hafifu, inashika moto ndani. Nunua kile kifaa cha kuikata stima ikishuka."

"Ati ninunue! Kwani unaviuza?"

"Hapana. Mimi ni fundi wa mota, Kitale na Kwanza."

Jentrix anasema angeweza, angemkanyaga fundi mguu anyamaze.

"Basi ya Wangila ni nani aliifunga?"

Fundi akaangalia mahindi ya watu dirishani. "Ile niliyomfungia mwanzo ilikuwa ndogo, mama. Yeye mwenyewe alitaka kubwa."

"Si nilijua mko wawili!"

Fundi akafumba macho, akajifanya amelala. Mama akamshika koti, akaapa kwamba kwa wakili wataingia pamoja. Kufika Kamukuywa fundi alikuwa anakoroma kweli. Karibu na Webuye kichwa cha mama kikaangukia bega lake, koti bado mkononi, naye akalala.