Kisanduku cha Tatu cha Mzee Koikai

Mzee Koikai Simel anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu hapa Engutoto. Katika muda huo wote alichelewa kazini mara moja, siku ng'ombe wake alipozaa, na aliomba radhi kwa barua.

Kazi yake ilikuwa mafuta. Kila Jumanne alikwenda machinjioni, akakata vipande vya mafuta ya tumboni mwa mbuzi, akavipanga kwenye barafu na kujaza fomu. Majirani zake wa Kwa Mrombo waliamini anatengeneza sabuni. Hakuwahi kuwasahihisha.

Mwaka 2021 Daktari Anande alianza utafiti wake mkubwa: je, seli za kinga zinazoishi ndani ya mafuta zinatofautiana kati ya dume na jike? Fomu yake ilikuwa na visanduku viwili. Mzee Koikai, mfugaji tangu utotoni, alichora cha tatu kwa kalamu. Daktari alimwambia, kwa upole wake unaosikika hadi getini, aache kuchafua fomu. Hakuacha. Na sisi wa ofisini, kila tulipokuta alama kwenye kisanduku hicho, tuliandika "dume" tukaenda kunywa chai.

Baada ya miaka mitatu majibu yakatoka, vurugu tupu. Majike walieleweka. Madume, baadhi walikuwa na seli tele za kutuliza uvimbe, wengine chache kama za majike. Daktari aliandika barua ya kuufunga utafiti, kisha akalia. Sisi tulijifanya tunaosha chupa.

Mzee Koikai aliitazama orodha, akasema hao wengine wamehasiwa, na amekuwa akiandika hivyo tangu mwanzo. Tukafungua kabati la fomu za zamani. Jamani! Alama zote zilikuwepo. Tulipowatenga waliohasiwa, vurugu iliisha kabla ya chakula cha mchana. Daktari aliichana barua yake mwenyewe.

Fomu mpya ina visanduku vitatu. Tulipendekeza cha tatu kipewe jina la Mzee Koikai. Alikataa, na baada ya kutafakari tulimwelewa.

Sasa anahamia Olmotonyi, kwa mbuzi wake. Daktari Anande ameomba kumtembelea kila mwezi, ajifunze kumtazama mbuzi kabla ya mafuta yake. Amekubaliwa, kwa sharti kwamba aje na kalamu.

Asante sana, Mzee wetu. Tulikuambia uache, hukuacha, na leo tuna kazi kwa sababu hiyo. Mungu akujalie afya, na mbuzi wengi wa kila kisanduku.